Mishipa saidizi ya moyo

Mishipa saidizi ya moyo ni vijiateri vinavyounganisha ateri moja ya korona na nyingine, au sehemu mbili za ateri ileile. Ateri kubwa inapoziba, damu huweza kupita humo na kuufikia msuli ulioachwa bila chakula. Hapo ndipo wagonjwa wanapotofautiana sana: mmoja ateri yake huziba na kipande cha moyo kikafa, mwingine huishi na ateri iliyoziba kabisa bila habari, mpaka apigwe picha ya mishipa kwa sababu nyingine.

Mwingereza Richard Lower aliitaja miunganiko hii mwaka 1669. Hata hivyo, karne ya 19 Mjerumani Julius Cohnheim alishikilia kwamba kila ateri ya korona inajitegemea, na kauli yake ilisikilizwa kwa muda mrefu. William Fulton wa Glasgow ndiye aliyeipinga kwa ushahidi wa macho katika miaka ya 1960: alijaza mioyo ya maiti dawa inayoonekana kwa eksirei, akakuta miunganiko hata katika mioyo isiyo na ugonjwa.

Picha ya kawaida ya mishipa haimalizi swali, kwa kuwa vijiateri vyembamba mno havionekani. Madaraja ya Rentrop ya mwaka 1985, kuanzia 0 hadi 3, hupima kile tu jicho linachokiona. Kipimo cha uhakika zaidi ni kile ambacho Christian Seiler na wenzake wa Bern wamekitumia kwa miaka mingi. Waya mwembamba wenye kihisi cha shinikizo hupitishwa hadi ng'ambo ya mbano, yaani mahali ateri ilipokuwa nyembamba, kisha puto hujazwa na kuifunga ateri kwa dakika moja. Shinikizo lolote linalobaki ng'ambo ya puto, ukiondoa lile la vena, limeletwa na mishipa saidizi. Likifikia takriban robo ya shinikizo la aota, mara nyingi kipimo cha umeme wa moyo hakibadiliki na mgonjwa halalamiki maumivu. Kati ya robo na theluthi ya wagonjwa hufikia kiwango hicho. La kushangaza, karibu mtu mmoja kati ya watano wenye ateri safi hukifikia pia, kwa hiyo ugonjwa peke yake hauelezi kila kitu.

Kinachoikuza mishipa hii ni tofauti ya shinikizo. Mbano unapozidi, shinikizo ng'ambo yake hushuka, na damu hukimbilia huko kupitia vijiateri vilivyokuwa vimelala. Kasi hiyo husugua ukuta wa ndani; seli za ukuta huita chembe nyeupe za damu aina ya monositi, ukuta wa zamani humeng'enywa na mpya, mpana zaidi, hujengwa. Wolfgang Schaper wa Bad Nauheim aliuchunguza mchakato huu kwa miongo kadhaa. Upana ndio siri yenyewe: kipenyo kikiongezeka mara mbili, uwezo wa kupitisha damu huongezeka takriban mara 16. Kapilari mpya zinazochipuka kwa sababu ya ukosefu wa oksijeni ni jambo jingine, wala haziwezi kufanya kazi ya ateri.

Ndiyo maana ukali wa mbano ndicho kigezo chenye nguvu kuliko vyote, na muda unafuata. Ateri iliyobanwa polepole kwa miaka huipa mishipa nafasi ya kukua; donge la damu linaloziba ateri iliyokuwa wazi kwa kiasi halitoi nafasi hiyo.

Urithi nao una sehemu yake kubwa. Simbilisi ana miunganiko mingi kiasi kwamba kuifunga ateri moja ya moyo wake hakuleti madhara, ilhali nguruwe karibu hana kabisa. Hata baina ya panya wa maabara, aina ya C57BL/6 huipita mbali aina ya BALB/c katika mishipa saidizi ya ubongo, na kundi la James Faber huko North Carolina liliihusisha tofauti hiyo na jeni Rabep2. Kwa binadamu hakuna jeni moja iliyothibitishwa kuamua mishipa ya moyo.

Kisukari hutajwa mara nyingi kuwa kikwazo, lakini tafiti zimepingana, na si haki kukipa uzito sawa na mbano wenyewe. Uzee hupunguza uwezo wa kukua. Mazoezi huongeza: katika jaribio la Leipzig lililochapishwa mwaka 2016, wagonjwa waliofanya mazoezi kwa bidii kwa wiki 4 waliongeza mtiririko wa mishipa saidizi, na wenzao wasiopewa mazoezi hawakubadilika. Sindano za protini za ukuaji, zilizotangazwa kwa shangwe miaka ya 1990, hazikuleta faida ya wazi katika majaribio makubwa.

Mishipa iliyokua vizuri huenda sambamba na vifo vichache, ingawa wakati wa kazi nzito mara nyingi haitoshi na kifua hubana. Mbano ukifunguliwa kwa stenti, tofauti ya shinikizo hutoweka na mishipa huanza kufifia. Kwa hiyo mgonjwa yuleyule, akipimwa miezi kadhaa baadaye, anaweza kutoa matokeo mengine kabisa.