Kompyuta ya mezani: agiza kulingana na kazi yako

Mfanyabiashara wa Gahanga, wilayani Kicukiro, anayetaka kuundiwa kompyuta ya mezani aanze na swali moja: itafanya kazi gani?

Duka au ghala linalotoa ankara za EBM, kutunza hesabu kwa Excel na kutuma nyaraka za forodha halihitaji kadi ya picha ya gharama. Prosesa ya daraja la kati, RAM ya GB 8 hadi 16 na SSD ya GB 256 vinatosha. Fedha inayobaki inunue UPS na diski ya pili ya kuhifadhia nakala za hesabu. Anayehariri video au kuchora ramani za majengo ndiye wa kutafuta RAM ya GB 32 na kadi ya picha.

Jihadhari na prosesa za zamani. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0. Kwa Intel, kwa kawaida ni kizazi cha 8 kwenda juu.

Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa kompyuta ni asilimia 0, lakini mwaka 2025 Rwanda ilirudisha VAT ya asilimia 18 kwa vifaa vya TEHAMA. Linganisha bei zikiwa na kodi.

Ukinunua Kampala au Nairobi, uliza dhamana inatolewa wapi: gharama ya kurudisha kifaa kibovu inaweza kumeza nafuu yote ya bei.