Sekunde tatu na nusu za Wilbur

Wengi tunaijua tarehe 17 Desemba 1903, Orville Wright aliporuka kwa sekunde 12 karibu na Kitty Hawk, Marekani. Mimi naipenda zaidi tarehe 14.

Siku hiyo ndugu hao walirusha sarafu, Wilbur akashinda, akawa wa kwanza. Ndege iliteleza juu ya reli kwenye mteremko wa kilima, ikapaa, naye akainua pua mno. Bawa likiinuliwa kupita kiasi, hewa haiufuati tena mgongo wake, na nguvu ya kubeba hupungua ghafla. Baada ya sekunde tatu na nusu ndege ilikuwa mchangani, sehemu zimevunjika. Injini ilikuwa nzima. Wilbur aliandika nyumbani kwamba kosa lilikuwa lake, hakuwa ameizoea mashine. (Sisi waandika programu huanza kwa kulaumu kompyuta!)

Lakini usukani wa pua, uliowekwa mbele, uliitikia upesi mno. Hata Orville tarehe 17 alipanda na kushuka kama tiara.

Mwanafunzi wa urubani ndani ya Cessna leo anaweza kurudia yale yale: anavuta usukani kabla mwendo haujatosha. Mwalimu humzoesha kushusha pua kwanza, ingawa ardhi iko karibu na mkono unataka kuvuta.