Nafuu na Subira: Funzo la Samunge, 2011

Asafiriye kwa barabara kutoka Dar es Salaam kwenda Samunge, Loliondo, hupita wilaya ya Korogwe, yenye Makuyuni yake. Kisha, baada ya Arusha, hufikia Makuyuni nyingine, ya Monduli. Mwaka 2011 njia hiyo ilijaa magari. Maelfu walikwenda kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa KKKT (aliyefariki mwaka 2021), kwa shilingi 500. Wenye pumu walikuwamo, na wako walioshuhudia kwamba sasa wanapumua vema.

Hatusemi walidanganya. Pumu hutulia, kisha hurudi. Hata papiloma ya zoloto, yaani vinundu adimu viotavyo penye kiungo cha sauti na kuziba pumzi ya mtoto, mara nyingine hutoweka yenyewe. Tena yaweza kurejea baada ya miaka. Kwa hiyo nafuu ya juma moja haithibitishi chanzo chake. Nao wako walioacha dawa zao, wakazidiwa.

Torati yatufundisha utaratibu. Katika Walawi 13 kuhani humtazama mwenye shaka ya ukoma, hungoja siku 7, kisha humtazama tena. Naye Bwana wetu aliwatuma wakoma 10 wajionyeshe kwa makuhani (Luka 17). Basi yatupasa sisi wachungaji kumshukuru Mungu pamoja na aliyepata nafuu, na papo hapo kumsihi asiache dawa mpaka daktari amtazame tena. Kungoja si upungufu wa imani.