Katutura: Kitongoji Kilichopewa Jina na Waliokikataa

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani ili kulifahamu jina la Katutura, kitongoji kilichoko kaskazini-magharibi mwa Windhoek, mji mkuu wa Namibia. Ni neno la Kiherero, lugha ya Kibantu kama hii yetu: "ka" ya kukanusha, "tu" ya sisi, na "tura", yaani kufanya maskani. Kwa Kiswahili tungesema: Hatukai. Ndilo jina walilolitoa watu waliokuwa wakihamishiwa huko bila ridhaa yao.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1910 Waafrika wa Windhoek walikuwa wakiishi katika mtaa uliokuja kuitwa Old Location. Nyumba zilikuwa duni, lakini nyingi zilikuwa mali ya wakazi wenyewe. Na ingawa palikuwa na sehemu za makabila, watu walichanganyika. Katika miaka ya 1950 utawala wa ubaguzi wa Afrika Kusini uliamua kuwapeleka Katutura, kwenye nyumba za manispaa, zenye kodi kubwa zaidi na zilizo mbali na kazi. Huko kila kabila lilitengewa eneo lake, na mlango wa nyumba uliandikwa namba pamoja na herufi ya kabila. Watu waligoma. Tarehe 10 Desemba 1959 polisi waliwafyatulia risasi wakaua 11, miongoni mwao Anna Mungunda. Old Location ilifungwa mwaka 1968, na mahali pake pakajengwa Hochland Park.

Na Kanisa je? Inafaa ikumbukwe kwamba mwaka 1955, kabla ya risasi hizo, Waherero wengi walikuwa wameiacha misheni ya Rhein na kuanzisha kanisa lao, Oruuano. Wachungaji walikwisha kupoteza imani ya kundi. Waraka wa wazi wa Askofu Leonard Auala na Mwenyekiti Paulus Gowaseb kwa Waziri Mkuu Vorster, uliokemea ubaguzi bila kuficha neno, ulitoka Juni 1971. Ulikuwa waraka wa kishujaa. Hata hivyo ulikuja karibu miaka 12 baada ya mazishi. Desemba mwaka huohuo wafanyakazi wa mkataba waliolazwa katika kambi ya Katutura walianza mgomo ulioenea nchini.

Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Jina la Katutura halikubadilishwa, na 10 Desemba ni sikukuu ya taifa. Makanisa ya Kilutheri nchini humo bado ni matatu.