Ardhi na Leseni Kingolwira

Mgeni aliyehamia Kingolwira, mashariki ya mji wa Morogoro, baada ya reli ya kutoka Dar es Salaam kuwasili Morogoro mwaka 1907, alikuta milango miwili ya kubisha, nayo haikufanana abadan. Kwa desturi ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, hurithiwa upande wa mama, na asiye wa ukoo huo humwendea mkuu wake kuomba idhini ya kulima, akatoa ngoto, ada ndogo ya kukiri kwamba shamba lina wenyewe. Lakini serikali ya Wadachi ilikwisha kutangaza, tangu 1895, kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni milki ya Dola. Na Waingereza, kwa sheria ya 1923, wakaiweka ardhi yote chini ya mamlaka ya Gavana.

Ama wanyama, kanuni ya Wissmann, Gavana wa Wadachi, ya 1896 ilidai leseni kwa mwenye kuwinda. Insafu, kwa rai yangu, ilikuwa haba: mzee wa ukoo alimjua jirani yake na haja zake, ilhali karani wa boma alijua ada tu. Leseni ya kuwinda hata leo hutolewa na serikali, chini ya sheria ya 2009.