Benchi Linalobebeka

Nyaraka nilizosoma kwa ajili ya tasnifu yangu zinaijua vizuri barabara ya Lusahunga hadi Rusumo: kilomita zake, lami yake, madaraja. Wanaosubiri gari kando yake hawamo. Bibi yangu, aliyengoja magari Biharamulo na Ngara karibu maisha yake yote, anaisimulia barabara hiyohiyo kwa vivuli.

Kwake, Benaco ilikuwa kwanza mahali pa kudandia lori. Jina lenyewe ni la kampuni ya ujenzi iliyopiga kambi pale. Kisha Aprili 1994, ndani ya takriban saa 24, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo, na jina la kampuni likawa jina la kambi ya wakimbizi iliyojulikana dunia nzima. Desemba 1996 wakarudishwa kwao. Maturubai yalibaki. Bibi anasema kibanda cha kwanza cha abiria alichowahi kujikinga chini yake kilikuwa miti minne na turubai la msaada, na hakuna aliyeuliza nani kalifunga.

Halafu zikaja zama za utekaji. Miaka ya 2000, mabasi yaliyopita mapori haya yalikusanywa kwanza, yakasindikizwa na askari wenye silaha. Kuhusu ujambazi ule kuna mengi ya kuandika, lakini mimi nimenasa kwenye jambo dogo: msafara ulisubiriwa muda mrefu, na mtu hawezi kusimama tu. Magogo yakasogezwa. Mama ntilie wakatoa mabenchi, kwa biashara bila shaka. Anayekaa hununua chai.

Mwaka jana, likizoni, nilimkuta shangazi yangu, mjamzito, amekaa juu ya dumu kwenye kituo cha kijijini kwetu, khanga kichwani, mvua inamnyeshea, anangoja haisi ya kwenda kliniki. Nikaacha kuandika. Bodaboda wa pale walichanga 2,000 kila mmoja, mimi nikatoa 40,000, fundi akadai misumari tu. Mirunda ya mkaratusi, mabati sita, benchi la mbao lililozamishwa miguu kwenye zege. Siku mbili.

Wiki ya tatu tukakuta X nyekundu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, nasi tulikuwa mita tisa. Sheria ina sababu zake. Malori ya Rwanda hupita hapa usiku na mchana. Ila kwetu, mita 30 ni ndani ya migomba. Dereva wa haisi hakuoni.

Mwenyekiti wa bodaboda hakubishana na mtu. "Dada, tatizo ni zege," aliniambia, akaenda kuazima msumeno.

Sasa benchi linalala kwa muuza chapati na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Shangazi amelikalia, mtoto mapajani. Mabati bado yana X yake.