Njia ya warfarini: kutoka zizini hadi kliniki ya moyo

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, wafugaji wa Kanada na wa majimbo ya kaskazini ya Marekani walikumbwa na balaa wasilolielewa. Dume akikatwa pembe, damu haikukoma mpaka akafa. Akihasiwa, vivyo hivyo. Mtamba aliyejigonga kwenye lango la zizi alivimba ubavu, na akichinjwa, nyama ilikutwa imevilia damu. Ng'ombe hawa hawakuwa na homa, wala hakuna kidudu kilichoonekana kwenye darubini.

Aliyeishika njia hii mwanzo wake ni Frank Schofield, daktari wa mifugo aliyefundisha Ontario. Wakorea wanamheshimu kwa sababu nyingine kabisa: mwaka 1919 alikuwa mmisionari nchini kwao, akapiga picha za ukatili waliotendewa waandamanaji na watawala wa Kijapani, na leo amezikwa katika makaburi ya taifa mjini Seoul. Mtu mwenye jicho la namna hiyo hakuishia kumtazama ng'ombe. Alitazama pia alichokula. Wengi walilishwa klova tamu, mmea wa malisho wenye harufu nzuri unaovumilia ardhi duni na baridi kali. Klova iliyokaushwa vizuri haikumdhuru mnyama. Iliyonyeshewa ikaota ukungu ndiyo iliyoua. Schofield alichambua rundo moja la malisho, akatenga mabua mazima na mabovu, akawalisha sungura. Waliokula mabua mazima waliendelea kuishi, na waliokula yenye ukungu wakafa kwa kuvuja damu.

Baadaye kidogo Roderick, wa North Dakota, akaonyesha kinachopungua ndani ya damu ya ng'ombe hao: protrombini, mojawapo ya protini zinazoigandisha damu. Tiba ilijulikana tayari, yaani kuacha malisho yale na kumwongezea mnyama damu ya ng'ombe mzima. Lakini miaka ya 1930 ilikuwa ya njaa na ukata. Mfugaji mwenye rundo moja la malisho na theluji mlangoni hakuwa na uwezo wa kulitupa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Ed Carlson, mkulima wa Deer Park, Wisconsin. Jumamosi moja ya Februari 1933 alipakia kwenye gari lake mtamba aliyekufa, debe la maziwa lililojaa damu isiyoganda, na kilo kama 45 za klova iliyooza, akaendesha takriban kilomita 300 katika dhoruba ya theluji hadi Madison. Ofisi ya daktari wa mifugo wa jimbo aliyokuwa akiitafuta ilikuwa imefungwa. Mlango aliofunguliwa ulikuwa wa Karl Paul Link, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Link hakuwa na la kumpa zaidi ya ushauri uleule aliokwisha kuusikia: usiwalishe tena, na ukiweza waongezee damu. Carlson akarudi kwake na theluji yake. Nyuma yake, Eugen Schoeffel, msaidizi wa Link, alibaki akitumbukiza mikono ndani ya lile debe na kuipapasa damu, asiamini kuwa haigandi. Habari hizi tunazo kwa sababu Link mwenyewe alizisimulia miaka mingi baadaye, na ninavyomsoma, fedheha ya kumwacha mkulima aondoke mikono mitupu haikumtoka kamwe.

Kazi ilichukua miaka 6. Juni 1939, Harold Campbell, mmoja wa vijana wa maabara ile, alipata fuwele za ile sumu. Muda si mrefu kikundi hicho kikaeleza inavyoundwa: klova ina kumarini, ambayo ndiyo inayoipa harufu yake, ukungu huigeuza, kisha molekuli mbili hushikamana. Waliiita dikumaroli. Mwaka 1941 madaktari wa Mayo Clinic walikuwa wameanza kuwapa wagonjwa.

Bila njia nyingine iliyotokea Copenhagen, sidhani kama sumu hii ingethubutu kuitwa dawa. Mwaka 1929 Henrik Dam aliona vifaranga waliolishwa chakula kisicho na mafuta wakivuja damu, na uchunguzi wake ukamfikisha kwenye vitamini K. Ini linaihitaji vitamini hiyo ili kukamilisha protini 4 za kugandisha damu, protrombini ikiwa mojawapo. Sumu ya klova huzuia ini lisiitumie tena vitamini K iliyokwisha kutumika. Kwa hiyo aliyezidiwa na sumu hupewa vitamini K. Hapa daktari alipata kitu adimu, sumu ambayo kinga yake inajulikana.

Link aliugua kifua kikuu, na mwaka 1945 akiwa kitandani alisoma historia ya vita vya binadamu na panya. Akafikiria jamaa wa dikumaroli wenye nguvu zaidi ambao kikundi chake kilikwisha kuwatengeneza. Mchanganyiko mmojawapo, wa namba 42, uliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya. Ulipewa jina la warfarini, kutokana na herufi za mwanzo za taasisi ya utafiti ya Wisconsin iliyogharimia kazi hiyo. Ilifaa kwa sababu inaua polepole: panya haumwi papo hapo, basi hurudi kula tena siku ya pili na ya tatu.

Mwaka 1951 mwanajeshi mmoja wa Marekani alimeza sumu hiyo kwa siku kadhaa akikusudia kujiua. Alipelekwa hospitali, akapewa vitamini K na damu, akapona kabisa. Madaktari wakaona kwamba mwili wa binadamu unaweza kuistahimili. Mwaka 1954 iliidhinishwa kwa matibabu ya watu, na Rais Eisenhower wa Marekani alipopata mshtuko wa moyo mwaka uliofuata, alipewa warfarini.

Lakini je, dawa hizi zilikuwa zikiokoa maisha kweli? Jibu lilitoka Bristol, Uingereza, mwaka 1960. Barritt na Jordan waliwagawa wagonjwa 35 waliokuwa na bonge la damu mapafuni. Waliotibiwa walikuwa 16, wakapewa heparini pamoja na dawa ya ukoo huohuo wa dikumaroli. Hakuna aliyeuawa na bonge la mapafuni. Kati ya 19 wasiotibiwa, 5 walikufa kwalo na wengine 5 likawarudia. Jaribio likasimamishwa, kwa kuwa hakuna daktari mwenye dhamiri ambaye angeendelea kuwanyima wengine.

Kilichobaki kilikuwa kipimo. Tangu 1935 Armand Quick alikuwa amebuni njia ya kupima muda ambao damu huchukua kuganda, ila kila maabara ilikuwa na vitendanishi vyake, na jibu la mji mmoja halikulingana na la mji mwingine. Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani lilikubali kiwango kimoja kwa wote, INR. Asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Mwenye bonge kwenye mshipa wa mguu hutakiwa awe kati ya 2 na 3, na mwenye vali ya chuma kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo mara nyingi hutakiwa juu kidogo ya hapo. Chini ya kiwango, damu inaganda. Juu sana, inavuja.

Hapo ndipo njia hii inapofika kwetu. Afrika Mashariki bado ina vijana wengi ambao homa ya baridi yabisi iliharibu vali za mioyo yao utotoni. Anayewekewa vali ya chuma, iwe katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam au kwingineko, humeza warfarini maisha yake yote. Dawa mpya kama rivaroksabani hazihitaji kupimwapimwa, na tangu 2019 jamaa zake wamo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini mwenye vali ya chuma hapewi. Hata kwa wagonjwa wa baridi yabisi ya moyo wenye mapigo yasiyo sawa, utafiti wa INVICTUS uliotangazwa mwaka 2022, uliohusisha pia wagonjwa wa Afrika, ulikuta dawa za ukoo wa warfarini zikiokoa maisha zaidi.

Basi anayekabidhiwa vidonge hivi bila maelezo amepewa nusu ya tiba, nami nasema hivyo bila kusita. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki vimejaa vitamini K. Mgonjwa asiviache, ale kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki, maana anayeviacha mwezi mzima kisha akavila kwa wingi hukuta kipimo chake kimeyumba. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya warfarini. Metronidazoli na septrini huiongeza. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za kununua dukani zinaweza kumletea mgonjwa kuvuja damu tumboni. Mwanamke anayetaka kushika mimba amwambie daktari kabla, kwa kuwa warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na kila kidonge kina nguvu yake katika miligramu, kwa hiyo mgonjwa aijue namba, asitegemee rangi peke yake.

Kama nyumbani kwako yupo anayetumia warfarini, muulize leo INR yake ya mwisho ilikuwa ngapi na tarehe ya kupimwa tena ni lini. Asipojua, mrudishe kliniki. Ufizi unaotoka damu bila sababu, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, au kichwa kinachouma ghafla baada ya kujigonga ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama mtu yeyote, hata asiyetumia dawa hizi, amevimba mguu mmoja wenye maumivu, hasa baada ya upasuaji au kujifungua, kisha pumzi ikambana ghafla, usingoje kupambazuke ndipo umpeleke.